Meno ya Kuonekana

Hakuna atakayekwambia habari za mate. Watakueleza maumivu, watakueleza kukonda, na jirani mmoja hakosi kukuhadithia juu ya fulani aliyepatwa na kama hayo hayo, akafa. Mate hayatajwi. Basi mimi nianze nayo. Siku moja baada ya matibabu utaamka, utataka kumeza, na utakuta kinywani hamna cha kumezea. Mimi nilidhani ni kiu. Nikanywa kata mbili za maji, nikakaa kidogo, nikadhani tena ni kiu. Sasa ni mwaka wa nane na bado nadhani ni kiu.

Naandika kwa ajili yako wewe uliyeambiwa una saratani ya kinywa, ukakaa kwenye benchi la spitali ukiwaza kwamba jambo kubwa ni kupona. Sikatai, ni jambo kubwa. Mimi mwenyewe nimepona. Ila baada ya kupona kuna kula, na hilo la kula ndilo lililonishinda.

Jina langu Faki, mtu wa Vitongoji, karani wa barua katika ghala la karafuu la Seth mmoja, tajiri wa Kihindi, pale Chake. Nilisoma skuli Unguja mpaka madarasa ya juu, na katika miaka yote ile hapana somo nililolijua vizuri kama kuhesabu siku za kurudi Pemba. Wenzangu walibaki Unguja wakawa watu. Mimi nilirudi nikawa mtu wa nyumbani. Asubuhi naenda Chake kwa baiskeli, alasiri nimo njiani, magharibi nimo barazani kwangu, na tukishasali isha sinia liko mkekani. Furaha yangu ya dunia ilikuwa sinia hilo: mimi, kaka yangu Kombo ambaye nyumba yake imepakana na yangu, na yeyote aliyepita njia wakati ule. Mikono mitatu minne ndani ya wali mmoja, na mabishano juu ya kichwa cha samaki. Siku zote nilikuwa nashinda mabishano, maana Kombo akianza kucheka hula polepole.

Kidonda kilitokea ndani ya shavu, chini kushoto, pale pale nilipozoea kuweka tambuu. Mke wangu Mize ndiye aliyekuwa akinitayarishia: jani, popoo, chokaa, katu na tumbaku kidogo, anakunja vizuri kama barua ya serikali. Nilikitibu kidonda kwa kusukutua maji ya chumvi toka kaskazi mpaka masika. Nilipokwenda kwa daktari wa Chake alikitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza nina watoto wangapi. Daktari akikuuliza una watoto wangapi, na kidonda kiko mdomoni, usimjibu haraka. Tafuta kiti kwanza.

Chake wakanipeleka Unguja. Unguja wakasema dawa yangu iko Bombay. Mimi, mtu ambaye nikilala Wete usiku mmoja naota nyumbani! Kwa bahati Seth alikuwa na safari ya kwao msimu ule, akanichukua, akaniweka kwa shemeji yake. Asubuhi ya kuondoka, Mize alichukua sahani ya tambuu na mkasi wa kukatia popoo akavitupa ndani ya kisima kikavu kilicho nyuma ya nyumba.

Nikamwambia, "Mize, hakuna aliyesema ni tambuu."

Akanijibu, "Hakuna aliyesema si tambuu."

Hakuongeza neno, na kwa miaka mingi hatukulizungumza tena. Lakini mkono wake wa kulia nimeuona mara nyingi ukijikunja wenyewe baada ya chakula, kama unaotafuta jani.

Bombay sina mengi ya kuieleza kwa sababu niliona dari tu. Walinichoma shavuni vijisindano vya madini wanayoyaita radiamu, kila kimoja na uzi wake unaoning'inia nje ya mdomo, nikawa kama kijimto cha sindano cha fundi cherehani. Siku saba. Katika siku saba hizo mtu haruhusiwi kunikaribia, madini yale yasije yakamdhuru. Muuguzi akileta chakula husimama mlangoni, huweka sinia dogo sakafuni, hulisukuma kwa fimbo mpaka linifikie, na huondoka mbio. Nikajiambia, Faki, hii ni Bombay, na hizi ni desturi za ugenini. Ukifika kwenu utakula na watu.

Siku ya kuniaga, daktari aliniita pamoja na yule shemeji yake Seth, ambaye alikuwa akinifasiria. Akasema meno ya upande ule nisiyaguse. Yakiuma yaume, yakikatika yakatike, ila asije mtu akayang'oa, kwa kuwa mfupa wa taya sasa umekuwa kama udongo uliochomwa, ukiutoboa hauzibi. Nikauliza, mpaka lini? Akacheka kwa upole, akasema, "Maisha."

Shika neno hilo, maana nitalirudia.

Nilirudi Vitongoji nikiwa nimekonda hata Bibi Raya akanipita uani asinijue. Bibi Raya ni nyanya yangu mzaa baba, tulikuwa tunaishi naye. Alikwisha kuwa mzee mno, hana jino hata moja, na kila alacho alikuwa akikitwanga ndani ya kinu kidogo cha mti, kile walichokuwa nacho wazee kwa kutwangia tambuu. Kwa desturi yetu bibi humwita mjukuu wake mume, na Bibi Raya alikuwa hanionei haya hata chembe.

"Ala! Ndiye huyu mume wangu?" akasema aliponitambua. "Nilikupeleka Bombay frasila, wamenirudishia wakia!"

Mwaka wa kwanza nilirudi kwenye sinia. Nilikula kwa taabu, kila tonge nikilisukuma kwa mchuzi kwa kuwa mate hayapo, na Kombo hakuacha kunitania: "Yakhe, mchuzi wote umo tumboni mwako, sie tule kwa upepo?" Nikicheka shavu linauma. Nilicheka hivyo hivyo.

Vuli iliyofuata meno yakaanza. Hayakuuma kwanza, yalikuwa yakimeguka tu. Unakula wali laini unahisi jiwe, unalitoa, kumbe si jiwe. Moja, kisha jengine, ya mbele na ya kulia yakaisha, mpaka magego mawili ya kushoto yakabaki vigutu, na hivyo vigutu ndivyo vikaja kuuma. Niliweka karafuu, nikaweka mafuta ya karafuu, nikalala nayo na kuamka nayo. Ilipofika Shaabani nikaanza kufikiri jambo la kipumbavu, na nalieleza kwa ukamilifu kwa sababu nadhani ni watu wa aina yetu tu wanaoweza kulifikiri.

Ramadhani ya kwanza ilinikuta Bombay, sikufunga. Ya pili nilijaribu, ukavu ukanishinda siku ya tatu. Ya tatu nilikwisha nuia kuifunga yote. Sasa mtu mwenye magego ya moto atakaaje mchana kutwa bila ya kuweka karafuu mdomoni? Nyumba yangu iko kando ya njia ya msikitini. Watu wote wa mtaa hupita mbele ya baraza langu mara tano kwa siku. Niliona bora magego yatoke Shaabani, kidonda kipone, niukabili mwezi mtukufu na kinywa kitulivu.

Bibi Raya alinambia, "Mgonjwa hana saumu, weye. Kula uji wako mchana, mie nitakuwekea mlinzi." Sikumsikiliza. Nilikuwa nimesoma mpaka madarasa ya juu.

Nikamwomba Kombo aniletee fundi wa kung'oa meno ambaye alikuwa akizunguka vijijini msimu wa karafuu. Kombo akasita.

"Wale madaktari wa Bombay hawakukukataza?"

Nikamwambia, "Walinikataza mwaka wa kwanza. Sasa ruhusa."

Nilimwangalia machoni nikisema hivyo. Kaka yangu akaenda akamleta fundi, na kwa sababu mimi ni mwoga, yeye ndiye aliyenishika kichwa, mikono miwili, akinisomea dua sikioni, mpaka yote mawili yakatoka.

Sikufunga hata siku moja ya mwezi ule. Pale palipotoka meno hapakuziba. Hapakuziba Ramadhani, hapakuziba kwa Idi, hapakuziba kusi ilipokuja. Palibaki tundu, na chini ya tundu unaona kitu cheupe, na hicho cheupe ni mimi mwenyewe. Baada ya miezi ulianza kutoka usaha, kisha vipande vidogo vya mfupa. Kila kipande Bibi Raya akikidai. Yeye alikuwa ameshika kwamba chochote kitokacho mwilini mwa mtu kizikwe, basi alikuwa na kijisanduku cha kiberiti, akivikusanya humo na meno yangu, kikijaa anakwenda kukizika penye migomba.

"Wenzako wanazikwa jumla," akanambia siku moja anachimba kwa kijiko. "Weye mume wangu unazikwa rejareja."

Nilicheka mpaka nikatoka damu.

Lakini yako mambo ambayo hayakuchekesha. Mfupa uliokufa unanuka. Mwenyewe huisikii harufu, kama vile mtu asivyosikia harufu ya nyumba yake. Unaisoma kwa watu. Jirani aliyekuwa akikaa karibu yangu barazani anahamia penye upepo. Mtoto wako anakuletea maji na kuyaweka mbali kidogo. Siku moja kwenye sinia nilimwona Kombo, ambaye miaka yote akikaa kulia kwangu, amekaa mbele yangu. Nikasema moyoni, ni sawa, leo kachoka. Siku ya pili kakaa mbele yangu. Siku ya tatu Mize akaja na bakuli dogo la peke yake, uji mzito na samaki aliyepondwa, akaliweka mbele yangu akasema, "Nimekufanyia hili ili usipate tabu ya kunyoosha mkono."

Mkono wangu haukuwa na ugonjwa wowote.

Nililichukua bakuli nikalila nimeelekea ukutani. Nyuma yangu nilikuwa nasikia vidole vikigusa sinia, na Kombo anazungumza sana, kwa sauti ya juu, juu ya karafuu na mvua. Kaka yangu alikuwa anajua yeye ndiye aliyemleta fundi. Hakuwahi kusema. Ila kila Ijumaa baada ya sala alikuwa akija na samaki aliye laini, changu au tasi, keshamtoa miba mwenyewe, mwiba mmoja mmoja. Nami nikampokea. Nikanyamaza. Nilijua kabisa kilichokuwa kikimtoa miba yule samaki, nami nikanyamaza.

Bibi Raya aliniita kutoka uani: "Ndoo ule na mie, mume wangu. Sote vibogoyo."

Sikwenda. Nilikuwa mwanamume wa miaka arubaini kasoro, nafasi yangu iko kwenye sinia la mbele, siyo uani na ajuza na kinu chake. Nikaamua kwamba nitatiwa meno mapya, harufu itakwisha, na nitarudi mahali pangu.

Miaka iliyofuata niliihesabu kwa safari za Unguja. Palikuwa na daktari mmoja wa meno huko, Mgoa mtu mzima, ana chumba cha kungojea chenye mabenchi mawili na saa ya ukutani iliyosimama. Mara ya kwanza nilipofungua mlango nilibaki nimeduwaa. Nimepanda meli kutoka Mkoani, nimetapika njia nzima, nimefika ugenini, na chumba chote kinanuka kwetu. Karafuu! Pamba ya karafuu, mafuta ya karafuu, mpaka vidole vya daktari karafuu. Sisi Wapemba tunaichumia dunia nzima dawa ya meno, na kisiwa kizima hakina daktari wa meno. Nilikaa kwenye benchi nikavuta pumzi kama mtu aliyefika nyumbani.

Mzee aliyekaa karibu yangu akainuka taratibu akahamia benchi la pili. Mama mmoja wa buibui akaja akakaa pale pale palipoachwa. Alikuwa na shavu lililovimba. Alifungua fundo la kanga akatoa karafuu moja.

"Shika baba, uma."

"Sina cha kuumia, mama."

Akanitazama, asijue acheke au la. "Basi iache ikae tu," akasema, "ikuliwaze."

Niliiweka ikakaa. Sijui jina lake. Naye hakuhama mpaka alipoitwa.

Daktari alinambia ufizi haujafunga, nirudi baada ya masika. Nikarudi baada ya masika, akatoa kipande cha mfupa kirefu kama ukucha wa kidole gumba, akanambia nirudi baada ya mwaka. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha kuja, meli zikawa za kubahatisha. Mchele ukakosekana visiwani, watu wakapewa unga wa mahindi, na Pemba nzima ikawa inalalamika kwamba uji hauna utamu. Niliwahurumia. Mimi nilikuwa nimetangulia.

Mara ya tatu nilingoja toka asubuhi mpaka daktari akafunga dirisha. Alipoona bado nimekaa akaja akakaa nami, akasema, "Bwana Faki, wewe unachotaka ni nini hasa? Kutafuna?"

Nikamwambia, "Nataka kula na watu."

Akafungua tena dirisha. Alinijaza nta kinywani kuchukua umbo, nta ya moto kidogo, nami nikafumba macho nikafikiri wali.

Meno yakawa tayari mwezi wa Shaabani wa mwaka ule vita vilipomalizika. Tundu lilikuwa limefunga kwa juu, harufu imepungua, Mize mwenyewe alikiri. Daktari alinivisha, akanipa kioo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumwona yule mtu wa kwenye kioo ana mdomo. Kisha akasema, na nayanakili maneno yake kama alivyoyasema: "Haya ni meno ya kuonekana. Si meno ya kulia. Kinywa chako hakina maji ya kuyashika, na ufizi wako ni ganda la kitunguu. Vaa saa moja, vua."

Nikamjibu nimefahamu. Nilifahamu kama nilivyofahamu yale ya Bombay.

Idi ile mchele ulikuwa umerudi. Mize alipika pilau toka alfajiri. Nilitoka sala ya Idi na meno yangu mdomoni, nikapeana mikono na watu, nikatabasamu kwa kila mtu hata nisiyempenda. Walisema, "Mashaallah, Faki amekuwa kijana!" Tulipofika nyumbani nikakaa mkekani mimi, Kombo na jirani zetu wawili, na Kombo akakaa kulia kwangu. Kulia kwangu! Mize akafunua kawa. Hakuleta bakuli.

Tonge la kwanza nililisukuma kwa mchuzi likapita. La pili nilitaka kutafuna. Nilitaka hilo tu, mara moja, nitafune nyama mbele ya watu. Kipande kikaingia baina ya meno na ufizi, nikahisi kama nimeuma msumari. Nikakaza. Nilikuwa nimengoja miaka mitano, nikakaza tena. Meno yakanyanyuka, yakaelea mdomoni makavu kama kigae, nikataka kuyarudisha kwa ulimi, wali ukanipalia, nikakohoa.

Yakaangukia kwenye sinia. Katikati, juu ya pilau, yakicheka.

Jirani mmoja aliuondoa mkono wake akauweka gotini, wa pili akafuata. Kombo aliyachukua meno, akayaosha kwa maji ya birika, akayapangusa kwa kanzu yake mpya, akaniwekea mkononi.

"Bismillahi," akasema. "Tule."

Akachukua tonge, pale pale yalipoangukia, akala. Akachukua jengine. Wale jirani wakashukuru, wakasema wana nyumba nyingine ya kupita, wakaondoka. Kombo akawa anakula peke yake, haraka, hatafuni, anameza tu kama mtu anayekunywa dawa, na macho yamemjaa maji. Niliuona mkono wake, mkono ule ule ulionishika kichwa. Hapo nikashindwa.

"Kaka, wacha kula."

"Kwani nini? Mie nina njaa."

"Wacha. Bombay walinikataza nisiyaguse maisha yangu yote. Si mwaka mmoja. Nilikudanganya."

Tonge likabaki mkononi mwake.

"Maisha?"

"Maisha."

"Miaka mitano," akasema polepole, "kila alfajiri nikisujudu namwomba Mungu anisamehe mikono hii. Nawe unanitazama. Unakula samaki wangu, unanitazama."

"Nilitaka mtu wa kuchukua mzigo nami."

"Ungeniomba," Kombo akasema. "Ningechukua bila ya kudanganywa."

Alinawa mikono, kidole kimoja kimoja, akafuta, akainuka, akavaa viatu vyake vya Idi. Mlangoni akamwambia Mize, "Mkono wa Idi, shemeji, chakula kizuri." Tangu siku ile hajakaa kwenye mkeka wangu. Si kwamba hatusemi. Tukikutana njiani ananitolea salamu, naitikia. Samaki wa Ijumaa bado anakuja, humkabidhi Mize mlangoni. Ila sasa anakuja na miba yake.

Nilichukua meno yangu nikaenda uani. Bibi Raya alikuwa kwenye mkeka wake, kinu mbele yake, pilau imetwangwa imekuwa kama ubwabwa wa mtoto, na kando ameweka kijiko cha pili. Alikuwa kasikia yote, ukuta wetu ni wa udongo.

"Umechelewa," akasema. "Kimepoa."

Nikakaa. Tukala. Hakunifariji kwa neno lolote, na namshukuru. Tulipomaliza aliyatazama meno mkononi mwangu kwa uchu.

"Hebu niazime."

"Bibi, meno hayaazimwi."

"Kanzu huazimwa, mkufu huazimwa, Mize kaazima pete ya harusi kwa wifi yake. Niazime hapa! Nataka nione kama bado mzuri."

Akayatia. Hayakumkaa, yalimtoka nje kama mlango uliokosa bawaba, na kwa sauti yenye kugongagonga akamwita Mize aje na kioo. Mize alikuja, akamwona, akaegemea ukuta akacheka, akacheka mpaka akakaa chini na kujifunika uso kwa kanga. Sijui lini kicheko chake kiligeuka kilio. Tulimwacha tu.

Bibi Raya alifariki vuli ya mwaka ule ule, karafuu ziko majamvini. Alitangulia jumla, kama alivyokuwa akisema, nami nikabaki na kinu na kijisanduku cha kiberiti ambacho hakijajaa. Mfupa bado unatoka. Daktari kanambia utaendelea kutoka, na vigutu vingine vya kushoto vilivyobaki navyo vitakwenda. Ninayo yale ya bandia ndani ya bilauri. Nayavaa Ijumaa kwenda msikitini na kurudi, nusu saa, watu wananiona, kisha navua.

Utataka ushauri, na mimi sina mwingi. Ukiambiwa usiguse jino, usiguse, hata uwe mwezi gani. Na ukishaligusa, sema ni wewe, sema mapema, mtu angali bado anakula nawe. Mate hayarudi. Kunywa mchuzi.

Siku hizi nakula na Mize. Hakuniuliza wala sikumwomba. Baada ya matanga ya Bibi alikuja uani siku moja, akatwanga chakula cha watu wawili katika kinu kile, akakaa mahali pa Bibi akala nami. Mke wangu ana meno yake yote, meupe, madogo, hakuna hata moja lililotoboka. Nikamwambia, "Kula chako, Mize, mimi nimezoea." Akasema yeye anapenda hivi. Nikamwambia tena kwamba si tambuu. Akasema, "Kula, kinapoa."

Juzi alasiri nilirudi mapema kutoka Chake, nikapitia nyuma. Nilipofika penye mlango wa jiko nikasikia sauti ambayo sikuijua kwanza. Kra. Kisha kimya. Kisha kra, kra, harakaharaka, kama mwizi. Nikachungulia. Mize alikuwa amesimama ameupa mlango mgongo, ana kipande cha nazi mkononi, anakitafuna amefumba macho.

Nilirudi nyuma hatua tatu, nikakaa juu ya kuni, nikamngoja amalize.